Kanuni za chuo na watu wa nyumbani

Kila mwaka, muhula mpya unapokaribia, maelfu ya vijana wetu huaga majumbani kwenda vyuo vikuu. Godoro hununuliwa, dua husomwa, na mzazi huhakikisha kwa mkono wake kuwa vyeti vimo ndani ya bahasha. Katika pilika hizo kuna karatasi moja ambayo ni wachache mno wanaoisoma, nayo ni ile ambayo mwanafunzi huitia saini siku ya usajili akikiri kuwa atazifuata kanuni za chuo. Huitia saini akiwa katika foleni, huku wenzake wakimsukuma mgongoni. Sisi tunaona kuwa karatasi hiyo, pamoja na kijitabu cha kanuni kinachoambatana nayo, inastahili kusomwa nyumbani, wazazi na kaka na dada wakubwa wakiwapo.

Tunasema hivyo kwa sababu yaliyomo humo si mambo mepesi. Tuchukue suala la mtihani. Wazazi wengi hudhani kuwa mwanafunzi huadhibiwa pale tu anapoonekana ananakili. Katika kanuni za vyuo vingi, kukutwa na karatasi yenye maandishi ya somo au simu ndani ya chumba cha mtihani kunatosha kuwa kosa, hata kama mhusika hakuitazama, na adhabu yake yaweza kuwa kufukuzwa masomo. Kijana aliyelelewa katika amana hahitaji kanuni ya chuo imwambie kuwa udanganyifu ni haramu. Lakini anahitaji kuambiwa mapema, na mtu anayemwamini, kuwa simu iliyosahauliwa mfukoni yaweza kumpotezea miaka mitatu ya jasho la baba yake.

Liko jambo jingine gumu zaidi, ambalo wanafunzi wenyewe huliita kubebana. Mwanafunzi mmoja amepata kitanda bwenini, mwenzake amekosa. Yule aliyepata humkaribisha mwenzake walale pamoja, wakati mwingine kwa muhula mzima, na chuo kinakataza. Hapo kijana wetu husimama baina ya mambo mawili aliyofundishwa nyumbani: kumsitiri ndugu aliyekwama, na kutimiza ahadi aliyoiwekea saini. Hatuko tayari kumlaumu aliyemfungulia mwenzake mlango usiku wa kwanza. Ila wema huo una gharama ambayo hulipwa na wengine: chumba cha watu wanne hulala watu wanane, maji hayatoshi, vyoo huzidiwa, na anayetaka kudurusu usiku hana pa kukaa. Huruma iliyo kamili ni kumsindikiza ndugu huyo hadi ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, au kwa viongozi wa jumuiya ya wanafunzi, na kupaza sauti kuwa vitanda ni vichache. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mabweni mapya ya wanafunzi 3,840 pale Mlimani. Hayo hayakujengwa kwa wanafunzi kufichana chini ya vitanda.

Hata hivyo wengi hawakai bwenini kabisa. Wamepanga Changanyikeni, Msewe, Sinza na kwingineko, katika vyumba wanavyoviita geto. Huko mlinzi wa chuo hafiki, na jioni hakuna anayeuliza nani ameingia na nani ametoka. Si siri kuwa wapo wanaoishi kinyumba bila ndoa, wazazi wa pande zote mbili wakiamini kuwa mtoto anakaa na rafiki wa jinsia yake. Jirani hujua. Mwenye nyumba hujua pia, na aghalabu hunyamaza maadamu kodi inalipwa. Hatuwaiti majirani wawe wapelelezi wa milango ya watu, kwani hilo nalo dini yetu imelikataza. Tunachouliza ni kitu kidogo: je, msikiti wa mtaa ule unawajua vijana hao kwa majina? Mama wa jirani amewahi kumkaribisha binti huyo aliye mbali na kwao hata kwa futari ya siku moja? Kijana asiyejulikana na yeyote hujiona hana wa kumstahi.

Suala la mwanafunzi na jamii yake si geni nchini kwetu. Chuo kikuu cha kwanza Tanganyika kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho hicho waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, wakipinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 siku hiyo hiyo, na akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi baadaye. Kwa maoni yetu adhabu ile ilikuwa nzito, na mwanafunzi anayo haki ya kusema. Lakini swali lililoulizwa siku ile bado liko mezani: aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima asiyemjua, anamdai nini mkulima huyo, na anadaiwa nini naye? Leo swali hilo limevaa sura ya mkopo wa Bodi, ambao marejesho yake hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu. Wapo wanaojificha wasilipe, huku wadogo zao wakingoja fedha hizo hizo.

Tumalizie na lile linalotukera zaidi. Mwanafunzi akituhumiwa, familia nyingi hukimbilia kutafuta mtu anayemfahamu mkubwa fulani chuoni. Simu hupigwa, bahasha huandaliwa, na kijana hujifunza kuwa saini yake haina uzito. Wakati huo huo haki zake za kweli hazitumiwi. Anayo haki ya kuelezwa tuhuma zake, haki ya kusikilizwa mbele ya kamati ya nidhamu, na njia ya kukata rufaa. Familia inayompenda mtoto wake ikae naye, imwulize ukweli wote, imsaidie kuandika maelezo yake kwa lugha yake mwenyewe. Kama amekosa, akiri. Kama amesingiziwa, asiogope kusema hivyo na kutaja mashahidi.

Na jambo la haraka kuliko yote: siku za kujibu tuhuma au kukata rufaa huwa chache, na aghalabu nusu yake hupotea wakati kijana anatafuta ujasiri wa kuwaambia wazazi. Mwambieni tangu siku ya kufunga mizigo kuwa barua ya namna hiyo ikifika, simu ya kwanza ni ya nyumbani.