Bakteria wa Utumbo Hupimwa kwa Vitendo

Si kila bakteria akaaye utumboni mwa mtu mwenye siha njema anayestahiki kufanywa tiba, ijapokuwa matangazo ya mtindi na vidonge vya probiotiki aghalabu hunena kana kwamba jambo hilo limekwisha kukatiwa shauri. Wataalamu waliokutanishwa Cordoba, Argentina, mwaka 2001 na Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la Chakula na Kilimo waliafikiana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kadiri itoshayo, humnufaisha mwenye kuvipokea; na manufaa hayo sharti yathibitishwe.

Mfano ulio mashuhuri wa kuwateua bakteria wa namna hiyo ni wa Sherwood Gorbach na Barry Goldin wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ambao katika miaka ya 1980 walitafuta, kinyesini mwa watu wasio na maradhi, bakteria awezaye kuhimili tindikali ya tumbo na ukali wa nyongo, kisha ashikamane na kuta za utumbo na kuvizuia vijidudu viletavyo maradhi. Wakampata Lactobacillus rhamnosus GG, ambaye herufi zake mbili za mwisho ni za majina yao. Siku hizi huchunguzwa pia jeni za bakteria wa namna hiyo, isije ikawa anabeba usugu wa dawa na kuwarithisha jirani zake utumboni.

Hata hivyo, maabara si mwili wa binadamu. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya watoto 971 wa Marekani waliokuwa wakihara na kutapika, na wale waliopewa GG huyo huyo hawakupata nafuu zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Jambo zito zaidi ni lile la Uholanzi, mwaka 2008: wagonjwa wa kongosho waliopewa mchanganyiko wa bakteria sita, walioteuliwa kwa uangalifu maabarani, walifariki 24 kati ya 152, hali ya kuwa katika kundi lisilopewa bakteria hao walifariki 9 kati ya 144. Huko India, kinyume chake, mwaka 2017, Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kumlisha vilipunguza maambukizo ya damu na vifo vya watoto wachanga, kutoka asilimia 9 hadi 5.4. Kwa hiyo hukumu ya nasaba moja ya bakteria haiwezi kuazimwa na nyingine, wala ya maradhi haya kupelekwa kwa yale.

Nawasihi wazazi: kopo lisilotaja nasaba kamili ya bakteria na idadi ya walio hai liacheni dukani, na mtoto njiti au mgonjwa mahututi msimpe kitu hicho pasipo idhini ya tabibu.