Je, Wajua? Mtihani Ambao Maswali Yake Yote Yako Hadharani

Je, wajua kwamba upo mtihani wa leseni ya serikali ambao maswali yake yote, pamoja na majibu, yanatolewa hadharani kabla hujaufanya? Ni mtihani wa Technician, daraja la kwanza la redio ya ridhaa nchini Marekani. Redio ya ridhaa ni ile ya watu binafsi wanaowasiliana kwa mawimbi bila malipo, kwa kuipenda na kwa kutaka kujifunza. Benki ya maswali ina takriban maswali 400. Siku ya mtihani unapewa 35, na ukipata 26 umefaulu. Kila baada ya miaka minne benki hiyo huandikwa upya, kwa hiyo kabla ya kuazima kitabu cha rafiki tazama kwanza kimechapishwa mwaka gani.

Hata mahali maswali yatakapotoka panajulikana. Benki imegawanywa katika mafungu 35, na kila fungu hutoa swali moja tu: sheria, usalama, umeme, antena, tabia za mawimbi, na kadhalika. Wapo wanaokariri majibu yote na kufaulu. Mimi naona wanajinyima, kwa sababu utamu wa mtihani huu umo ndani ya maswali yenyewe.

Chukua hili. Antena ya wima ya robo wimbi, kwa masafa ya megahezi 146, iwe na urefu gani? Aliyekariri atachagua inchi 19 na kusonga mbele. Anayetaka kujua atakumbuka kwamba mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani mita milioni 300 kwa sekunde. Gawanya 300 kwa 146 upate urefu wa wimbi zima: mita mbili na sentimita tano hivi. Robo yake ni sentimita 51. Ila waya halisi hukatwa mfupi kidogo kuliko hesabu, kama asilimia tano, kwa kuwa ncha yake na unene wake huufanya uwe kana kwamba ni mrefu zaidi. Zinabaki sentimita 49 au pungufu kidogo, na hizo ndizo inchi 19. Ni dhiraa moja na vidole viwili. Kata waya wa shaba kwa kipimo hicho, usimamishe katikati ya bati pana, uunganishe na redio yako, na antena unayo. Aliyeielewa hesabu hii mara moja hawezi kuisahau, na ataitumia kwa masafa yoyote atakayopewa.

Je, wajua kwamba Mswahili aishiye Minnesota anaweza kuzungumza Kiswahili hewani kutwa nzima, lakini alama yake ya mwito, yaani herufi na tarakimu zinazomtambulisha, sharti aitaje kwa Kiingereza? Mazungumzo hayabanwi kwa lugha. Kinachobanwa ni utambulisho: kila mtumiaji ajitambulishe angalau mara moja katika kila dakika 10, na tena anapomaliza. Uraia nao si sharti. Mgeni yeyote anaweza kupata leseni hii, isipokuwa mwakilishi wa serikali ya nje, mradi awe na anwani ya posta nchini humo. Umri pia hauulizwi. Wapo watoto wa shule ya msingi waliokwisha faulu.

Sheria za hewani zina mambo ya kushangaza. Kupiga muziki ni marufuku, ila kuna mwanya mmoja: muziki uliosikika kwa bahati ndani ya mawasiliano ya chombo cha angani chenye watu, unayoyarusha upya kwa ruhusa. Kuficha maana ya ujumbe kwa fumbo la siri pia hakuruhusiwi, ila unapotuma amri kwa satelaiti au kwa chombo kinachoongozwa kwa redio. Kulipwa kwa kuzungumza ni kosa, lakini mwalimu anayeitumia redio kufundishia darasani haadhibiwi kwa kuwa ana mshahara. Kila jambo kati ya haya linaweza kuwa swali lako.

Satelaiti zinatajwa kwa sababu nzuri. Mnamo Desemba 1961, miaka minne tu baada ya Sputnik, wapenzi wa redio wa California walitengeneza satelaiti yao wenyewe, OSCAR 1, ikapakiwa kwenye roketi ya jeshi na kurushwa. Kazi yake ilikuwa kurudia salamu fupi kwa mdundo wa Morse. Leo mwenye leseni ya Technician ameruhusiwa kuongea hata na wanaanga walioko kwenye kituo cha anga za juu, kwa redio ya mkononi na antena iliyoelekezwa vizuri.

Wengi bado wanaogopa kwamba mtihani utawadai Morse. Waondoe hofu. Technician iliachana nayo mwaka 1991, na mwaka 2007 ikaondolewa katika madaraja yote ya Marekani. Kinachostahili kuogopwa ni nyaya za umeme. Benki inasisitiza kwamba antena isimikwe mahali ambapo hata ikianguka, hakuna sehemu yake itakayokaribia nyaya hizo kwa chini ya futi 10, yaani mita tatu. Swali hilo usilikariri tu. Chukua futi kamba, nenda uwanjani ukapime.

Watahini ni watu wa kujitolea, wenye leseni wenyewe, na hawapungui watatu katika kila kikao. Serikali ilikabidhi kazi hiyo kwa wapenzi wa redio katika miaka ya 1980. Ukifaulu, unalipa ada ya dola 35 kwa tume ya mawasiliano, FCC, na leseni inadumu miaka 10. Huna haja ya kusubiri karatasi: jina lako na alama yako vikishaonekana kwenye hifadhidata ya tume, saa hiyo hiyo unaruhusiwa kubonyeza kitufe na kuita.

Utamwita nani? Sehemu kubwa ya ruhusa za Technician ni kwenye masafa ya karibu, ya mji na vitongoji vyake. Lakini kati ya megahezi 28.3 na 28.5 anaruhusiwa kuzungumza kwa nguvu isiyozidi wati 200, na jua linapokuwa na madoa mengi, mawimbi hayo hurudishwa na tabaka za juu za anga na kuvuka bahari. Hapo ndipo inafaa kuijua mianzo ya alama za mwito za kwetu: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo. A4 ni Oman, na humo alikuwamo marehemu Sultani Qaboos mwenyewe, aliyekuwa na alama ya A41AA.

Ukirudi Dar es Salaam au Nairobi na redio yako begini, jua kwamba leseni ya Marekani peke yake haitoshi. Tanzania utaenda kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, Kenya utaenda Mamlaka ya Mawasiliano, na ni vyema kuanza kuulizia kabla ya safari.

Na jambo moja la siku ya mtihani. Ukifaulu Technician, aghalabu watahini watakuuliza kama ungependa kujaribu daraja la pili, General, papo hapo bila kulipia tena kikao. Kubali. Hilo nalo lina maswali 35, ukilikosa hupotezi ulichokwisha kukipata, na ukilipata unafunguliwa sehemu kubwa ya masafa yanayovuka mabara.