Mkoba wa Dharura: Uandaliwe Kabla Maji Hayajabisha Hodi

Wakazi wa Dar es Salaam hawajaisahau Desemba ya mwaka 2011. Mvua kubwa ilinyesha, Mto Msimbazi ukafurika, na nyumba za Jangwani na mabonde mengine zikazama. Watu wapatao 40 walipoteza maisha. Wako waliookolewa juu ya mapaa, hawana kitu ila nguo za mwilini.

Ndugu msomaji, katika saa kama hiyo mtu hukimbilia kile kinachoonekana kuwa cha thamani: televisheni, redio kubwa, godoro. Lakini hivyo vyote hununuliwa tena. Kinachopasa kutangulia ni kile kisichouzwa dukani, na kile ambacho mwili hauwezi kukisubiri.

Kisichouzwa dukani ni karatasi: vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki, vitambulisho, hati ya nyumba au mkataba wa kupanga. Bila hizo, familia iliyokwisha kupoteza nyumba itapoteza pia miezi mingi ikizunguka maofisini. Zitiwe katika bahasha ya plastiki inayofungika, pamoja na fedha kidogo na namba za simu za jamaa zilizoandikwa kwa mkono, kwani simu ikizimika hukaa kimya na majina yote.

Kisichosubiri ni dawa. Mwenye shinikizo la damu, pumu au kifafa awekewe za siku kadhaa, nazo zibadilishwe kabla muda wake haujapita.

Kisha maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Hakuna mama awezaye kubeba maji ya familia nzima ya siku tatu. Basi kila mtu awe na chupa yake, na mkobani ziwemo dawa za kutibu maji. Maji ya mafuriko huchanganyika na ya vyoo, na kipindupindu hufuata nyuma. Paketi chache za chumvi maalumu ya kuongezea mwili maji zisikosekane.

Ongeza tochi na betri zake, filimbi ya kuitia msaada, sabuni, vitambaa vya hedhi, kanga mbili, na chakula kisichohitaji moto, kama vile karanga na biskuti.

Mkoba uwe wa mgongoni, ili mikono yote miwili ibaki ya kumshika mtoto. Uning'inizwe juu, karibu na mlango, wala usifichwe uvunguni ambako maji hufika kwanza. Kila aliyemo nyumbani, hata mtoto wa shule, apajue mahali pake na aijue namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Sehemu kubwa ya vitu hivi tayari imo nyumbani, imetawanyika tu. Ikusanywe leo, na ikaguliwe kabla ya kila vuli na kila masika. Wahenga walikwisha kutuambia: tahadhari kabla ya hatari.