Anwani Inayohama Kila Umeme Ukikatika

Shemeji yangu anafuga kuku Kikwe, kusini mwa Mlima Meru, lakini mchana kutwa yuko dukani Arusha mjini. Amefunga kamera nne bandani, DVR inayorekodi picha zake ikakaa sebuleni kando ya ruta, ili awachungulie kuku kwa simu. Siku ya kwanza ilikubali. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, simu haikuona kitu.

Ruta ikiwaka huomba anwani upya kwa kampuni ya intaneti, na si lazima ipewe ile ya jana. Anwani za IP za toleo la nne ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, na ghala lake kuu liligawa mafungu ya mwisho Februari 2011. Zilizopo huzungushwa.

Dawa inayojulikana ni DNS badilifu. DNS ndiyo daftari la majina la intaneti, alilolibuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Ifikirie kama balozi wa nyumba kumi: wewe hama chumba upendavyo, mradi umwarifu, mgeni atamwuliza yeye. Ndani ya ruta unajaza jina ulilosajili na nywila yake. Anwani ikibadilika, ruta inapeleka taarifa yenyewe. Kisha unaielekeza poti ya DVR, basi.

Tukajaza. Ikagoma.

Nikafungua ukurasa wa hali ya ruta, nikakuta anwani inaanza na 100.72. Nikacheka. Fungu la 100.64 hadi 100.127 lilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni zinazowapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na ruta za laini ya simu ndiko ziliko nyingi. Ni nyumba ya kupanga yenye geti moja: balozi atamfikisha mgeni getini, lakini mlinzi hajui amgongee mpangaji yupi.

Hapo unaomba anwani ya umma, mara nyingi kwa malipo, au unageuza safari: kifaa cha nyumbani kitoke chenyewe kwa VPN, yaani njia binafsi iliyofichwa ndani ya intaneti, hadi kwenye seva, simu ikikute huko. Shemeji alichagua VPN, na naona alifanya vizuri, maana poti iliyo wazi huonwa na kila mpita njia. Tarehe 21 Oktoba 2016 kirusi Mirai kiliteka kamera na DVR zilizoachwa na nywila za kiwandani, kikazitumia kuiangusha Dyn, kampuni iliyojulikana kwa DNS badilifu hiyohiyo.

Kabla hujajaza jina lolote, soma tarakimu za mwanzo za anwani kwenye ruta yako. Na kama kamera bado inafunguka kwa admin na 12345, anza na hiyo.