Mwache Mtoto Amtazame Konokono, Kisha Anawe Mikono

Mvua kubwa ya Machi hadi Mei ikinyesha Ekerenyo, watoto ndio huwa wa kwanza kumwona konokono. Wanamkuta chini ya jani la sukuma wiki, kwenye shina la mgomba au kwenye ukuta wenye unyevu. Mtoto huja mbio akiwa amemshika mkononi: “Mama, huyu ni mdudu gani?” Mara nyingi jibu huwa, “Mtupe huko!”

Hofu ya mzazi ina sababu. Hata hivyo, jibu hilo humnyima mtoto mambo mawili anayohitaji kujua: konokono ni mnyama wa namna gani, na hatari iko wapi hasa. Makala haya yanaeleza yote mawili, ili mzazi nyumbani na mwalimu wa chekechea darasani waweze kumwongoza mtoto.

Konokono ni nani?

Konokono si mdudu. Mdudu ana miguu sita. Konokono ana mguu mmoja tu, mpana na laini, anaoutelezesha juu ya ute wake mwenyewe. Yeye ni wa kundi la wanyama waitwao moluska, ambao mwili wao ni laini na hauna mifupa. Ndugu zake ni koa anayekula mboga usiku, chaza na kome wa majini, na hata ngisi na pweza wa baharini. Wengi wao wana gamba, lakini si wote: pweza hana, na koa hana gamba la kuonekana kwa nje.

Watoto wengi hudhani kwamba gamba ni nyumba ambayo konokono anaweza kuingia na kutoka apendavyo. Sivyo. Konokono hutoka kwenye yai akiwa tayari na gamba dogo, na gamba hilo limeshikamana na mwili wake. Akivutwa kwa nguvu, hufa. Kadiri anavyokua, huongeza gamba jipya kwenye ukingo wa mdomo wa gamba. Kwa hiyo ile ncha ndogo iliyo katikati ya mzunguko ndilo gamba lake la utotoni.

Gamba hutengenezwa kwa chokaa, kama ganda la yai. Hapa kwetu jambo hili lina maana ya pekee. Majani chai hustawi kwenye udongo wenye asidi, na udongo wa namna hiyo huwa na chokaa kidogo. Kwa kawaida konokono huwa wachache mahali kama hapo, na magamba yao huwa mepesi. Waambie watoto wawahesabu konokono wanaowaona kando ya shamba la chai, kisha wale walio karibu na ukuta wa saruji au mahali panapomwagwa majivu, halafu walinganishe. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji hata shilingi moja.

Somo la dakika kumi

Mweke konokono wa shambani juu ya kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga, kisha mtoto atazame kutoka chini. Ataona mguu ukienda kama mawimbi madogo. Mwambie ahesabu pembe: ziko nne. Mbili ndefu zina macho kwenye ncha, na mbili fupi humsaidia kunusa na kupapasa. Mpe konokono kipande cha sukuma wiki na msubiri. Yeye hukwangua chakula kwa ulimi wenye maelfu ya meno madogo sana, na ndiyo maana huacha matundu kwenye majani.

Akimaliza, mtoto amrudishe konokono alikomtoa na kunawa mikono kwa maji na sabuni. Asimweke mdomoni wala asiguse macho kabla ya kunawa, kwa sababu konokono na ute wake huweza kubeba vimelea.

Kama konokono na koa wanaharibu mboga zako, waokote jioni au alfajiri ukiwa umevaa glavu, na uondoe majani yanayooza wanamojificha. Usimwage chumvi shambani, kwani inaharibu udongo. Ukitumia vidonge vya sumu ya konokono, viweke mbali kabisa na watoto, mbwa na kuku.

Hatari iko majini

Konokono wa shambani tofauti na konokono wa majini. Baadhi ya konokono wadogo wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho. Mayai ya vimelea hivyo hufika majini kupitia kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa. Yakianguliwa, vimelea huingia ndani ya konokono, huongezeka humo, kisha hutoka na kuogelea. Hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Konokono mwenyewe hamng'ati mtu.

Hivyo basi, kunawa mikono hakuzuii kichocho. Kinga ni kutooga wala kucheza kwenye maji yenye vimelea, na kila mtu kutumia choo. Ugonjwa huu unajulikana sana kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako watoto wetu wengi huwatembelea jamaa wakati wa likizo. Mtoto akipata maumivu ya tumbo yasiyoisha, au kinyesi au mkojo wenye damu, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu kwamba alikuwa ziwani. Kichocho kina dawa.

Konokono wengine wa majini hueneza minyoo ya ini kwa ng'ombe na kondoo. Epuka kuchunga mifugo kwenye kinamasi, na umuulize afisa wa mifugo kuhusu dawa.

Makombe ya Pwani

Huenda nyumbani kwenu kuna simbi, lile kombe dogo linalong'aa ambalo huvaliwa kama pambo. Mwonyeshe mtoto. Zamani simbi zilitumika kama pesa katika sehemu nyingi za Afrika. Hadi leo, kwa lugha ya Kiganda, neno ensimbi maana yake ni fedha. Jina la sarafu ya Ghana, cedi, nalo limetokana na jina la kombe hilo.

Ukienda Pwani na watoto, watazame makombe na kuyaacha palepale. Katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, kuyaokota ni marufuku. Kombe tupu huwa makao ya kaa wanaojificha ndani yake, na kuna konokono wa baharini wenye gamba la umbo la pia ambao sumu yao inaweza kumuua mtu.

Kumbuka mambo matatu

1. Wa shambani: mtazame, mrudishe, nawa mikono.
2. Wa majini: usimguse, na usiingie kwenye maji hayo.
3. Wa baharini: mtazame, mwache.

Kwa ushauri zaidi, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au afisa wa kilimo wa wadi. Na mtoto akija mbio tena na konokono mkononi, chuchumaeni mmtazame pamoja kwanza.