Orodha ya Vitabu ni Mali ya Nani?

Nauza vitabu vilivyotumika katika soko la Mwanjelwa, na kila kinachoingia nakiandika kwenye kaunta buku: Shaaban Robert, Kusadikika, 1951. Mwenzangu alipoomba kuinakili orodha hiyo, jirani wa kibanda akasema huo ni wizi. Si wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hailindi taarifa tupu. Mwaka wa kuchapwa hauna mwenyewe, hata kwa aliyehangaika kuutafuta. Kinacholindwa ni ubunifu: muhtasari nilioutunga kwa maneno yangu, au namna yangu ya kuchagua na kupanga. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyohivyo 1991, katika kesi ya kitabu cha simu.

Mvutano mkubwa uko kwenye masharti ambayo mwenye orodha huwawekea wanaoitumia. Mwaka 2008 OCLC, inayounganisha katalogi za maktaba duniani, ililalamikiwa ilipotaka kubana matumizi ya rekodi ambazo nyingi ziliandikwa na maktaba wanachama. Chuo Kikuu cha Harvard kikaachia rekodi zake, zaidi ya milioni 12, zitumiwe na wote mwaka 2012. Natamani sana Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania itangaze wazi kuwa rekodi zake ni za wote, ili mwalimu wa Tukuyu anayeanzisha maktaba ya shule azichukue bila hofu.