Kompyuta ya Linux Inapogoma: Uchunguzi wa Hitilafu katika Shule za Kibaha na Kisarawe

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10. Jambo hilo liliwagusa zaidi wenye kompyuta za umri wa miaka tisa au kumi, ambazo nyingi kati yake haziwezi kupokea Windows 11. Kompyuta za namna hiyo zinaonekana sana katika shule zetu za sekondari, zikiwa zimenunuliwa mitumba au kutolewa kama msaada. Kwa shule isiyo na fedha za kununua mashine mpya, njia iliyo rahisi ni kuweka mfumo wa Linux, ambao hupatikana bure na huendesha vema hata mashine kuukuu.

Kuuweka mfumo huo ni kazi ya saa moja. Shida huja baadaye, siku mashine inapogoma. Katika safari zangu za kuzungukia shule za wilaya za Kibaha na Kisarawe nimeona hitilafu zikishughulikiwa kwa njia mbili, na zote mbili hazifai. Ama mashine hubandikwa karatasi yenye neno "mbovu" na kufungiwa stoo, ama huitwa fundi ambaye dawa yake ni moja tu: kufuta kila kilichomo na kupakia mfumo upya. Njia ya kwanza huwanyima wanafunzi chombo ambacho pengine kina kasoro ya shilingi elfu mbili tatu. Njia ya pili huangamiza kazi za wanafunzi, na pamoja nazo ule ushahidi ambao ungetuonyesha chanzo cha hitilafu, kwa hiyo baada ya mwezi tatizo hurudi lile lile. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hitilafu ya kompyuta yaweza kuchunguzwa kwa utaratibu ule ule unaofundishwa katika maabara ya fizikia: kutazama, kukisia chanzo, kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kuandika matokeo.

Linux inafaa sana kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu haifichi mambo yake. Kiini chake kilianza kutungwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, naye akakitoa hadharani ili kila atakaye akisome na kukirekebisha. (Kibaha na Finland si wageni kwa kila mmoja: shirika la elimu lililopo hapo lilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970.) Kila tukio ndani ya mashine, tangu inapowashwa hata inapozimwa, huandikwa katika daftari la matukio. Mwenye kutaka kulisoma hufungua dirisha la amri na kuandika "journalctl -b -1 -p err", maana yake: nionyeshe makosa yaliyotokea katika kipindi cha kuwaka kilichotangulia hiki. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kugusa bisibisi.

Ni kweli kwamba maelezo hayo huandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili huyaogopa. Kazi ya kuzifanya programu huru ziseme Kiswahili ilianza zamani kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni moja ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotolea kwa Kiswahili. Kwa maoni yangu kazi ile haikupewa uzito uliostahili. Hata hivyo, ujumbe wa kosa mara nyingi hauzidi maneno sita au saba, na mwalimu aweza kuufasiri pamoja na darasa. Kosa kubwa ni kufunga dirisha kabla ya kuusoma.

Nitaeleza kwa kirefu kisa kimoja, kwa kuwa chaonyesha jinsi chanzo kidogo kinavyoweza kuzaa dalili nyingi. Katika shule moja ya Kisarawe, baada ya likizo ya Desemba, kompyuta nne zilidaiwa kuharibika kwa pamoja. Kila ziwashwapo zilisimama mwanzoni kabisa zikidai kibonyezo cha F1. Zikishapita hapo, zilikataa kufungua takriban kila ukurasa wa intaneti kwa madai kwamba hauaminiki. Tena zilikataa kupokea programu mpya. Mwalimu mhusika alikuwa amenunua kifurushi cha intaneti mara mbili, akidhani cha kwanza kilikwisha.

Msomaji mwangalifu angetazama pembe ya kioo, mahali saa inapoonyeshwa. Tarehe ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma.

Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna saa ndogo inayoendelea kutembea hata mashine ikizimwa. Moyo wake ni kipande cha fuwele ya kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo: ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 15, hivyo saketi ikiigawa kwa mbili mara kumi na tano hubaki mpigo mmoja kwa sekunde. Umeme wa saa hiyo hutoka katika betri ya mviringo iliyopachikwa kwenye ubao mkuu, yenye jina CR2032. Tarakimu za jina hilo ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Betri nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo katika mita ya maabara ya fizikia. Ikisoma chini ya volti 2.5, imekwisha.

Kwa nini nne kwa pamoja, na kwa nini baada ya likizo? Kompyuta iliyochomekwa ukutani, hata kama imezimwa, huendelea kupokea umeme kidogo ambao huipumzisha betri. Shule inapofungwa, swichi kuu huzimwa kwa usalama, nayo saa hutegemea betri peke yake kwa wiki nyingi. Betri zilizowekwa kiwandani mwaka mmoja huelekea kuchoka karibu wakati mmoja.

Dalili zote sasa zinaeleweka. Mashine ilidai F1 kwa kuwa ilipoteza kumbukumbu za mipangilio yake. Kurasa za intaneti zilikataliwa kwa sababu kila tovuti ya salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa kompyuta iliyo nyuma miaka kadhaa, cheti cha leo bado hakijaanza kutumika. Hazina ya programu nayo ilikataliwa kwa hoja hiyo hiyo. Kwa kawaida mashine iliyounganishwa na intaneti huuliza saa sahihi kwa seva maalumu na kujirekebisha, lakini amri ya "timedatectl" ilionyesha kwamba huduma hiyo ilikuwa imezimwa. Iliwashwa kwa "sudo timedatectl set-ntp true", betri nne zikabadilishwa, na darasa likaendelea. Mashine hizo zilikuwa zimekaa stoo kwa muda wa wiki tano.

Upande wa Kibaha malalamiko niliyoyasikia zaidi yalihusu umeme kukatika ghafla. Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi diski inavyotunza mambo. Mtu anapohifadhi faili, kompyuta hailiandiki kwa tendo moja. Huandika yaliyomo, kisha jina, kisha mahali lilipowekwa. Umeme ukikatika katikati, orodha na ghala havipatani. Mfumo wa ext4, unaotumiwa na Linux nyingi tangu mwaka 2008 ulipokamilishwa, hujikinga kama mwenye duka anayehamisha magunia: kabla ya kunyanyua gunia huandika daftarini kwamba analihamisha, na akimaliza huliwekea alama. Taa zikizimika, atakaporudi atatazama daftari na kujua alipofikia. Ndiyo maana aghalabu Linux huwaka tena bila matata. Lakini daftari hilo kwa desturi hulinda mpangilio wa mafaili tu. Insha iliyochapwa kwa dakika arobaini bila kuhifadhiwa hailindwi na kitu chochote.

Mara chache uharibifu huzidi uwezo wa daftari. Hapo badala ya picha ya kawaida hutokea maandishi meupe juu ya weusi, na neno "initramfs" likingoja. Wengi hudhani mashine imekufa. La hasha, mfumo umekataa kuendelea mpaka diski ikaguliwe, na mistari michache ya juu hutaja sehemu yenye kasoro, mathalan /dev/sda2. Mwalimu aandike "fsck -f /dev/sda2", akitumia jina lililotajwa na si hili la mfano, akubali marekebisho yanayopendekezwa, kisha aandike "exit". Katika mashine nyingi nilizozishuhudia kazi hii haikuzidi dakika kumi.

Kuna hitilafu nyingine ambayo huwapotosha hata wajuzi. Mwanafunzi huandika neno lake la siri, kioo hupepesa, na kabla hajakaa vizuri amerudishwa pale pale pa kuandika neno la siri. Huaminiwa kuwa amelisahau, na pengine hugombezwa. Kumbe neno ni sahihi: likikosewa, mashine husema hivyo waziwazi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba diski imejaa, na mfumo hauna hata nafasi ya kuandika vijifaili vidogo vinavyohitajika ili kumfungulia dawati lake. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na F3. Utapata kioo cha maandishi matupu. Msimamizi aingie hapo na kuandika "df -h". Safu ya asilimia ikionyesha 100 umekwisha kumpata mhalifu. Mfumo wa ext4 kwa desturi hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi peke yake, ili aweze kuingia na kusafisha hata wengine wanapozuiwa. Katika maabara za shule vinavyojaza diski ni filamu zilizonakiliwa kutoka kwenye flashi, pipa la taka ambalo halikumwagwa, na matoleo ya zamani ya kiini ambayo huondolewa kwa "sudo apt autoremove" katika mifumo ya jamii ya Debian na Ubuntu. Ama kwa mafaili ya wanafunzi, yasifutwe bila wenyewe kuulizwa; amri ya "rm" haina pipa la taka.

Kukosa sauti, kukosa mtandao usio na waya, na kichapishi kisichoitika ni matatizo yanayolalamikiwa sana lakini si makubwa. Sauti mara nyingi imezibwa tu, na "alsamixer" huonyesha hivyo kwa herufi MM. Mtandao usio na waya huenda umefungwa kwa swichi. Andika "rfkill list". Ikiwa swichi iko wazi na bado hakuna mtandao, fanya jaribio la ulinganisho: washa mashine hiyo kwa Linux iliyomo katika flashi, bila kugusa diski. Kifaa kikifanya kazi hapo, kifaa ni kizima na kasoro ni ya mipangilio. Kisipofanya kazi, toleo lingine jipya zaidi lijaribiwe kabla ya kukihukumu.

Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika vina madhara yake. Mashine inayozimika yenyewe baada ya dakika ishirini, na kuwaka tena ikipoa, inajikinga na joto. Feni na mapezi ya kupozea yasafishwe kwa brashi laini. Inayolia milio bila kuonyesha picha mara nyingi ina kipande cha kumbukumbu ambacho miguu yake ya dhahabu imeota ukungu. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, shika chuma cha sanduku, kisha kichomoe kipande hicho na kukisugua taratibu kwa kifutio cha penseli. Nimewaona wasichana wa Kidato cha Tatu wakiifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko mafundi.

Imebaki dalili moja ambayo haitaki majaribio. Diski ya kuzunguka ikianza kutoa mlio wa kugonga, au daftari la matukio likijaa mistari ya makosa ya kusoma yenye jina la diski, diski hiyo inakufa, na kila dakika inayozunguka huipunguzia umri. "fsck" isitumiwe hapo, kwa kuwa huilazimisha diski kufanya kazi nyingi. Mashine izimwe mara moja. Iwashwe kwa flashi, na kazi za wanafunzi zinakiliwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuanza na zile za Kidato cha Nne.